Fabius, Jemadari Mkawiaji

Vita vinapodumu miaka mingi, kila mtu hugeuka kuwa jemadari. Yule asiyepata kushika mkuki hata siku moja huketi barazani akaeleza jinsi majeshi yangalivyopaswa kupangwa. Na yule aliyefiwa na mwana huuliza, naye ana haki ya kuuliza, mwanawe amekufa kwa faida gani. Viongozi nao hugawanyika. Wako watakao pigano moja kubwa la kumaliza mambo, na wako watakao subira, na wote husema kwamba ndio wawapendao wananchi. Ubishi huo si wa jana. Ulikuwako Roma miaka zaidi ya 2,200 iliyopita, na katikati yake alisimama mzee ambaye leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari zake, yaani Quintus Fabius Maximus. Watu wake walimwita Mkawiaji kwa kumtukana, kisha jina lile lile wakaligeuza kuwa la heshima.

Alizaliwa yapata mwaka 280 kabla ya Kristo. (Msomaji akumbuke kwamba miaka ya kabla ya Kristo huhesabiwa kwa kushuka, hata mwaka 217 ukawa umeutangulia mwaka 216.) Ukoo wake ulikuwa wa watu wakuu, wenye makonsuli na majemadari wengi, lakini utotoni hakuna aliyemtazamia makuu. Alikuwa mpole, mzito wa kusema, mwenye kujifunza polepole, wala hakupenda michezo ya vurugu. Wenzake wakambandika jina la Mwana-kondoo. Tena alikuwa na chunjua juu ya mdomo, na hiyo pia ikampatia jina. Ila wachache waliomtazama kwa makini waliona kwamba uzito ule haukuwa wa akili. Mwaka 233 akachaguliwa kuwa konsuli, yaani mmojawapo wa wakuu wawili walioiongoza Roma kwa mwaka mmoja mmoja, akawashinda Waliguri, watu wa milimani kaskazini mwa Italia. Akachaguliwa tena mwaka 228. Mashaka makubwa yalipoifikia nchi yake alikuwa amekwisha kupita miaka 60.

Mashaka hayo yalitoka Afrika. Karthago ulikuwa mji wenye nguvu na mali, karibu na mahali ulipo leo mji wa Tunis, na uliwekwa na Wafoinike waliotoka pwani ya Lebanoni. Uliwahi kupigana na Roma kuanzia mwaka 264 hata mwaka 241, ukashindwa na kuipoteza Sisilia. Mwaka 218 jemadari wake kijana, Hannibal, alitoka Hispania na jeshi lake na ndovu wake, akavuka milima ya Alpi penye theluji, akashuka Italia. Waliofika pamoja naye walikuwa askari wa miguu 20,000 na wapanda farasi 6,000, hesabu ambayo yeye mwenyewe aliiandika katika bamba la shaba. Wengi wao walikuwa Waafrika wa Libia na Numidia, na sisi wa bara hili huzisoma habari hizi kwa moyo uliogawanyika, kwa kuwa hakuna jemadari wa siku zile aliyemzidi Hannibal kwa werevu. Mwezi wa Desemba aliwavunja Warumi kwenye mto Trebia. Mwezi wa Juni mwaka 217 aliwavizia kandokando ya ziwa Trasimene, asubuhi yenye ukungu, akamwua konsuli Flaminius na Warumi wapatao 15,000.

Ndipo Roma ikamtafuta dikteta. Neno hili siku hizi lina sifa mbaya, bali kwa Warumi lilikuwa cheo halali kilichotolewa wakati wa hatari tu, kwa muda usiozidi miezi sita. Wananchi wakamchagua Fabius. Ila kosa moja likafanyika mwanzoni. Kwa desturi dikteta alijichagulia mwenyewe msaidizi wake, mkuu wa wapanda farasi. Safari hii watu wakamchagua wao, wakampa Marcus Minucius Rufus, mtu shujaa, mwenye haraka, aliyeona kila jambo kinyume cha mkubwa wake. Hivyo ugomvi ukawekwa ndani ya kambi kabla jeshi halijatoka mjini.

Fabius alianza na sadaka na nadhiri kwa miungu ya Warumi, maana watu walikuwa wamejawa na hofu, naye alitaka mioyo yao itulie kwanza. Kisha akaomba ruhusa ya kupanda farasi, kwa kuwa sheria ya kale ilimkataza dikteta kufanya hivyo. Akatoka akitanguliwa na walinzi 24 wenye mafungu ya fimbo na shoka, ili kila mtu aone kwamba sasa kuna amri moja. Halafu akamfuata Hannibal, na alipomfikia hakupigana naye.

Shauri lake lilikuwa hivi. Jeshi la Hannibal lilikuwa la watu waliozoea vita miaka mingi, na wapanda farasi wake walikuwa bora kuliko wa Roma. Katika uwanda wa wazi wangeshinda tena na tena. Lakini Hannibal alikuwa mbali na kwao. Hakuwa na bandari ya kupokelea chakula wala watu wa kujaza nafasi za waliokufa, na kila siku ilimpasa awalishe watu na wanyama wake kwa mali ya kunyang’anya. Roma, kwa upande wake, ilikuwa na nafaka, na fedha, na watu. Mwaka 225, walipohesabiwa wanaume wa Roma na wa miji rafiki waliofaa kushika silaha, walionekana zaidi ya 700,000 wa miguu na wapatao 70,000 wa farasi. Kwa hiyo Roma haikuhitaji kushinda upesi. Ilihitaji kutoshindwa, nao wakati ungeifanya kazi iliyobaki.

Basi Fabius akawa anatembea juu ya vilima ambako farasi hawafai, karibu na adui lakini asifikike. Hannibal akisimama, naye husimama. Akiondoka, naye huondoka. Waliotumwa kutafuta chakula na malisho walivamiwa, leo watu kumi, kesho ishirini, na askari wa Roma, waliokuwa wameshazoea kumkimbia Hannibal, wakaanza kujifunza kwamba watu wake nao hufa. Vijiji vya mabondeni visivyokuwa na ngome viliamriwa kuhamwa, na nyumba na nafaka kuchomwa, ili adui asikute kitu. Hapo ndipo wengine waliomsifu baadaye hupita mbio, na sisi hatupendi kupita mbio. Subira ya jemadari ililipwa na mkulima. Aliyechoma ghala lake kwa amri ya dikteta, akapanda mlimani na watoto wake, akatazama moshi wa shamba lake, huyo hakuona busara yoyote katika vita vile. Na miji rafiki iliyoporwa huku jeshi la Roma likiwatazama waporaji kutoka juu ilianza kujiuliza urafiki huo una maana gani.

Minucius aliyasema hayo waziwazi. Aliwauliza askari kama dikteta amewapandisha juu kuwaonyesha tamasha la Italia inavyoungua, au kama anatafuta njia ya kuwaficha mawinguni. Kambini wakambandika Fabius jina la mtumishi wa Hannibal, kwa mfano wa watumwa waliomfuata mwana wa bwana wao nyuma nyuma akienda shuleni, wakimchukulia mizigo. Rafiki zake wakamsihi apigane ili kuzima matusi hayo. Yeye akaona kwamba kuyahatarisha maisha ya watu kwa kuogopa kutukanwa ni woga mkubwa kuliko woga wanaomshitaki nao.

Kisha likatokea jambo lililomwaibisha kweli. Hannibal aliingia katika bonde lenye neema la Kampania, na Fabius akazishika njia za kutokea. Kwa mara ya kwanza mwindaji alikuwa ndani ya mtego. Usiku Hannibal akaamuru ng’ombe wapatao 2,000 wafungwe vijinga vya moto pembeni, wakafukuzwa kuelekea milimani. Walinzi wa njia, walipoona mioto inapanda gizani, wakadhani wamezungukwa, wakaiacha njia. Jeshi lote la adui likapita. Fabius alisikia makelele lakini hakutoka kambini, kwa kuogopa hila gizani. Kulipokucha, ndege alikuwa amekwisha kuruka. Twakiri kwamba hata wampendao Fabius hupata taabu kumtetea katika usiku ule.

Hannibal, aliyemwelewa kuliko Warumi wenyewe, akaongeza sumu. Akiteketeza mashamba ya eneo lile, aliliacha shamba la Fabius peke yake, hata akaliwekea walinzi. Huko Roma minong’ono ikaanza mara moja. Wakati huohuo Fabius alikuwa amepatana na Hannibal kubadilishana mateka, mtu kwa mtu, na upande wenye mateka wengi kulipwa fedha kwa kila aliyezidi. Walipohesabu, Hannibal alikuwa amezidi kwa Warumi zaidi ya 240. Baraza la Wazee likasita kutoa fedha, likilalamika kwamba halikuulizwa. Fabius akamtuma mwanawe Roma auze shamba lile lile ambalo Hannibal hakuligusa, akawakomboa watu kwa mali yake. Baadaye wengi wao walitaka kumrudishia, hakupokea.

Hata hivyo hasira ya mjini haikupoa. Aliitwa Roma kwa ajili ya sadaka, akamwachia Minucius jeshi na amri ya kutopigana. Minucius akapigana karibu na Gerunium, akapata ushindi mdogo, na habari ilipofika Roma ulikuwa umekuwa ushindi mkubwa. Watu waliokuwa na njaa ya habari njema wakaushangilia. Mtetezi wa watu jina lake Metilius akaleta shauri ambalo halikupata kuonekana Roma: msaidizi apewe mamlaka sawa na dikteta. Likapita. Fabius alirudi kambini bila kulalamika. Minucius alitaka washike amri kwa zamu. Fabius akaona heri aitawale nusu ya jeshi daima kuliko kulipoteza lote siku moja moja, wakaligawa, kila mmoja na kambi yake.

Hannibal alifurahi, na hakukawia. Palikuwa na kilima kidogo kati yake na Minucius, na kukizunguka palikuwa na mashimo na makorongo yasiyoonekana kwa mbali. Usiku akaficha humo askari wake, asubuhi akatuma wachache wakishike kilima. Minucius akatuma watu, akaongeza wengine, mwisho akatoka na jeshi lake lote. Mafichoni wakatoka maadui kila upande. Fabius aliyaona hayo yote kutoka kambini mwake. Wengine labda wangengoja kidogo ili mpinzani ajifunze. Yeye alitoka na vikosi vyake, akawapokea waliokuwa wakikimbia, na Hannibal akapiga tarumbeta ya kurudi nyuma. Yasimuliwa kwamba aliwakumbusha wenzake jinsi alivyowaonya kuwa wingu lile la milimani siku moja litaleta mvua ya dhoruba. Jioni ile Minucius aliwaongoza watu wake hadi kambi ya Fabius, akazisimika bendera mbele ya hema, akamwita baba, akairudisha nusu yake ya amri. Twaona kwamba palihitajika ushujaa zaidi kwa tendo hilo kuliko kwa yote aliyoyafanya Minucius juu ya farasi.

Miezi sita ikaisha, Fabius akavua cheo. Mwaka 216 Roma ikachoka kungoja. Makonsuli wapya walikuwa Lucius Aemilius Paullus na Gaius Terentius Varro, nalo Baraza likaamua kukusanya jeshi ambalo Roma haikupata kuwa nalo, lejioni nane pamoja na majeshi ya marafiki, watu wapatao 86,000. Fabius alimsihi Paullus asikubali kupigana mwaka ule, akimwambia kwamba Hannibal akiachwa mwaka mmoja tu bila pigano atanyauka mwenyewe. Makonsuli wale walishika amri kwa zamu za siku moja moja. Tarehe 2 Agosti, karibu na Cannae, siku ya Varro, walipigana. Hannibal, aliyekuwa na watu wapatao 50,000, aliacha katikati ya jeshi lake irudi nyuma taratibu mpaka Warumi wakaingia kama mfukoni. Waafrika wake wakawabana mbavuni, na wapanda farasi wakawafungia kwa nyuma. Waandishi wa kale hawapatani juu ya hesabu ya Warumi waliokufa: mmoja asema karibu 48,000, mwingine 70,000. Paullus alikufa, na Minucius, na wazee wa Baraza wapatao 80.

Lawama yote akatupiwa Varro, mtu asiyekuwa wa ukoo mkuu, ambaye yasemwa baba yake alikuwa mwuza nyama. Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Habari hizo twazipata kwanza kwa Polybius, aliyekuwa rafiki wa karibu wa jamaa ya Paullus, na wengine waliandika baada yake. Yule aliyekufa alikuwa na wajukuu wa kumsafisha jina. Varro hakuwa na mtu wa namna hiyo. Lakini lejioni nane hazikuandikishwa na Varro. Baraza ndilo lililoamua, wananchi ndio waliodai, na hakuna mtu anayekusanya watu zaidi ya 80,000 ili wakae wanatazama vilima. Cannae lilikuwa shauri la Roma nzima, naye Varro alikuwa na bahati mbaya ya kuwa na zamu siku hiyo.

Waliomdharau Fabius wakamkimbilia. Palikuwa hapana nyumba Roma isiyokuwa na kilio. Hata sikukuu ya mwaka ya mungu Ceres ilishindikana, kwa sababu ilikuwa ya wanawake, nao waliofiwa hawakuruhusiwa kuifanya, na hakupatikana asiyefiwa. Fabius aliyekuwa mzito wakati wengine wakikimbilia vitani, sasa alitembea mjini kwa hatua zake zilezile za polepole, akiwasalimu watu, akiwatuliza wanawake waliokusanyika kulia hadharani. Akashauri walinzi wawekwe milangoni ili watu wasiuhame mji, na maombolezo yakawekewa siku 30. Na Varro aliporudi na mabaki ya jeshi, mtu aliyekuwa na haki kuliko wote ya kumkumbusha maonyo yake hakufanya hivyo. Baraza na watu walitoka kumlaki, Fabius akiwa miongoni mwao, wakamshukuru kwa kuwa hakukata tamaa na nchi yake. Huko Karthago jemadari aliyeshindwa aliweza kusulubiwa.

Toka siku ile shauri la Fabius likawa shauri la Roma. Miji mingi ya kusini, na Capua ukiwa mkubwa wao, ikahamia kwa Hannibal. Lakini kila mji aliopata ulimlazimu kuulinda, na hakuweza kuwa kila mahali. Warumi waliuzingira mmoja, yeye akaja kuuokoa, wao wakazingira mwingine. Fabius alikuwa konsuli tena mwaka 215 na mwaka 214. Akimsaidiwa na Marcellus, jemadari mwenye moto zaidi, watu wakasema wa kwanza ni ngao ya Roma na wa pili ni upanga wake. Kodi ya mali iliongezwa mara mbili. Watumwa wapatao 8,000 walinunuliwa na serikali wakapewa silaha.

Katika uchaguzi wa mwaka 214 alifanya jambo linalobishaniwa hata leo. Kura za kwanza zilimpa ukonsuli Titus Otacilius, mume wa mpwa wake. Fabius, aliyekuwa msimamizi, alisimamisha uchaguzi, akawaambia watu kwamba huyu jamaa yake hafai kupambana na Hannibal, wakapige kura upya. Wakapiga, wakamchagua Fabius mwenyewe pamoja na Marcellus. Waliomjua walisema hakumpendelea mkwe wake. Wasiompenda waliona amejipendelea nafsi yake. Sisi twaona mambo yote mawili yaweza kuwa kweli.

Kisa kingine ni cha nyumbani. Mwaka 213 mwanawe alikuwa konsuli. Siku moja mzee alimwendea akiwa juu ya farasi, akawapita walinzi bila mmoja wao kuthubutu kumzuia. Mwana akamtuma mlinzi amwamuru mzee ashuke, kama raia yeyote ashukavyo mbele ya konsuli. Waliokuwapo wakanyamaza kwa aibu. Fabius akaruka chini, akamkumbatia mwanawe, akamsifu kwa kuelewa ukubwa wa cheo alichopewa. Mwana huyo alikufa kabla ya baba yake, naye mzee akasema mwenyewe hotuba ya maziko uwanjani, kisha akaiandika.

Mwaka 211 Hannibal aliikaribia Roma yenyewe ili majeshi yaliyouzingira Capua yaondoke kuja kuulinda mji mkuu. Wako waliotaka majeshi yote yaitwe. Fabius alipinga, kwa kuwa Hannibal hakuja kuiteka Roma, alikuja kuiokoa Capua. Ikawa hivyo, Capua ukaanguka mwaka uleule. Lakini uchovu ulizidi. Mwaka 209, Fabius akiwa konsuli mara ya tano, miji 12 kati ya makoloni 30 ya Kilatini ilijibu kwamba haina tena watu wala fedha za kutoa. Mwaka huohuo aliuteka tena mji wa Tarentum, si kwa mabavu bali kwa hila: mkuu mmoja wa walinzi wa Hannibal alimpenda dada wa askari mmoja wa jeshi la Fabius, akashawishiwa afungue njia. Mji ukaporwa, watu 30,000 wakauzwa utumwani, na inasemwa hata wasaliti waliomfungulia njia waliuawa ili siri ifichike. Upole wa Mwana-kondoo ulikuwa kwa watu wake tu, wala haifai kumpaka rangi nyingine.

Sasa twafika kwenye ubishi wake wa mwisho, ambao kwetu ndio mgumu. Mwaka 205 Publius Cornelius Scipio, konsuli aliyekuwa na umri wa miaka 30 hivi na aliyekwisha kuwafukuza Wakarthago Hispania, alitaka kuvuka bahari kupigana Afrika. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: Karthago ikitishwa kwao, itamwita Hannibal, na Italia itapona. Fabius akasimama kupinga. Hannibal yu bado Italia, alisema. Hazina haiwezi kulisha majeshi mawili. Na jemadari Regulus alivuka hivyo hivyo katika vita vya kwanza akaishia kuwa mateka, mwaka 255. Kila neno lilikuwa na uzito. Lakini mzee hakuishia kwenye maneno. Alijaribu kumzuia mwenzake Scipio asimwachie nafasi, na Scipio hakuruhusiwa kuandikisha askari. Ikambidi aende na watu wa hiari wapatao 7,000, na meli zilizojengwa kwa michango ya miji. Waandishi wa kale wameona wivu hapo. Sisi hatuwezi kuupima moyo wake, ila twaona hivi: Fabius alikuwa ameijua vema saa ya kungoja, na alipofika karibu miaka 75 hakuitambua saa ya kungoja ilipokwisha. Na bila miaka 12 ya ukawiaji wake, Scipio asingekuwa na Roma ya kuondokea.

Waliopenda njia yake walitokea hata baada ya karne nyingi. Mwaka 1884 huko London walikutana watu walioamini kwamba ujamaa waweza kuja polepole bila kumwaga damu, wakajiita Chama cha Fabian kwa heshima ya jina lake. Na fikra za chama hicho zilimfikia pia Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa akisoma Edinburgh kati ya mwaka 1949 na mwaka 1952.

Scipio alivuka mwaka 204. Akashinda, na Karthago ikamwita Hannibal, aliyeondoka Italia mwaka 203 baada ya kukaa humo miaka 15. Warumi walifurahi, Fabius alionya kwamba Hannibal atakuwa mzito zaidi akipigana katika nchi yake. Mwaka huohuo akafa. Alikuwa ameshika cheo cha kuhani mtazama-ishara miaka 62, na alikwisha kupewa taji la majani, heshima ambayo Warumi walimpa yule tu aliyeokoa jeshi zima. Hakuwa maskini, lakini kila raia alitoa sarafu moja ndogo kwa maziko yake, kama watoto wanavyomzika baba yao. Mwaka 202 Scipio alimshinda Hannibal huko Zama, na mwaka 201 amani ikafanywa. Watoto waliozaliwa Roma mwaka ule Hannibal aliposhuka kutoka Alpi walikuwa sasa wametimiza miaka 17, umri wa kuandikishwa jeshini.